Herufi Tatu Kifuani

Mama mkwe alitoa ruhusa yake asubuhi ya Jumanne, akiwa anakamua nepi kwenye beseni, tena bila hata kuinua kichwa.

"Mpe jina la mama yako," alisema.

Sindano alikuwa anavaa viatu vya kwendea kazini. Alibaki na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Kwa miezi miwili na nusu mtoto alikuwa akiitwa Kichanga tu, kwa sababu msichana wa kwanza katika nyumba ile alikuwa na jina lililomsubiri tangu kabla hajatungwa mimba, nalo lilikuwa jina la bibi yake mzaa baba, yaani mwanamke huyuhuyu aliyekuwa anakamua nepi. Hakuna aliyelisema hilo, na hakuna aliyehitaji kulisema. Sindano alikuwa akisogeza siku tu, leo mtoto ana mafua, kesho karani hayupo, kwa kuwa hakuwa na moyo wa kukataa wala wa kukubali.

"Lakini mama, hiyo ni haki yako."

"Haki yangu, ndiyo, na ninaitoa." Akaikung'uta nepi mpaka matone yakamfikia Sindano usoni. "Langu bado nalitumia mwenyewe. La mama yako nani analitumia?"

Hakuna. Hilo ndilo lililokuwa jibu, na wote wawili walilijua. Sindano alizaliwa peke yake, akalelewa na mama peke yake, na mama huyo alikuwa amefariki mwaka uliopita katika wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na mlango. Maziko yake yalikuwa na watu wachache hata waliobeba jeneza walilibeba tangu mwanzo wa njia hadi mwisho, hakuna wa kuwapokea. Tangu siku ile Sindano hakuwa amemsikia mtu yeyote akilitamka jina la mama yake. Mara nyingine, akiwa peke yake bafuni, alilitamka mwenyewe ili kulisikia, kisha akaona haya na kufungulia maji.

Sasa alisimama pale na kiatu mkononi, machozi yakimtoka bila mpango.

"Nenda zako, utachelewa," mama mkwe akamwambia. "Machozi hayakusainii daftari la mahudhurio."

*

Karakana aliyofanyia kazi ilishona masweta ya shule. Cherehani ishirini na mbili, madirisha manne, na feni moja iliyokuwa ikimpepea msimamizi tu. Kila sweta lilitariziwa herufi tatu kifuani, upande wa moyo, kwa uzi mwekundu: herufi ya kwanza ya jina la mtoto, ya jina la baba yake, na ya babu. Walimu walisema herufi hizo zinazuia masweta kupotea. Labda. Lakini watoto ni watoto. Wakishaona herufi tatu kifuani mwa mwenzao, jina alilopewa na wazazi wake limekwisha kazi; kuanzia hapo ataitwa kile kinachosomeka, mpaka amalize shule, na akikutana nao sokoni akiwa na wajukuu wataita hivyohivyo.

Orodha zilisomwa na mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya kuvuka barabara, ambaye wote walimwita Redio. Redio alisoma, wenzake walishona. Yeye ndiye aliyembatiza Sindano jina hilo la utani siku ya kwanza tu, kwa ule wembamba wake, na kwa kuwa aliposemwa alichoma. Sindano alilichukua bila ugomvi. Jina la utani la kazini unaliacha mlangoni pamoja na aproni.

Siku hiyo alishona kama mtu aliyekunywa chai ya tangawizi. Ilipofika saa ya mapumziko hakutoka na wenzake. Alitafuta kipande cha flana nyeupe katika masalio, kikubwa kiasi cha kumfunika mtoto miguu, akatia uzi mwekundu. Alitaka ajionee. Herufi ya mama yake ilikuwa N, na aliitarizi polepole, kwa mshono wa kujaza ambao msimamizi huukataza kwa kuwa unakula uzi. Kisha Z ya mume wake. Kisha I ya babu, marehemu mume wa mama mkwe. Mkono wa fundi hausomi, unashona. Alikata uzi kwa meno, akakitandaza kile kitambaa juu ya goti, na hapo ndipo akasoma.

Redio alikuwa amesharudi, kikombe mkononi, akachungulia begani mwake.

"Hee! N, Z, I. Jamani, njooni muone, leo tumepata nzi!" Wakaja. "Wa orodha gani huyu? Maskini mtoto wa watu. Kutwa darasani watakuwa wanampunga na madaftari."

"Na saa ya chakula je?" mwingine akadakia. "Wafunike sahani!"

Wakacheka wote, na Sindano akacheka. Hili tuliseme wazi. Hakutabasamu kwa adabu. Alicheka kwa sauti, meno yote nje, kama alivyozoea kucheka na wenzake kila orodha ilipotoa kituko. Na Redio alipouliza tena ni wa shule gani, alijibu haraka, "Sijui, nimekiokota tu hapa kwenye masalio." Akakikunja kitambaa na kukisukumiza ndani ya mkoba wake, chini kabisa.

Mchana kutwa aliharibu masweta mawili. Kilichokuwa kinamrudia akilini ni msichana mmoja aliyekuja pale mwaka jana na mama yake kuomba afumuliwe herufi. Herufi zake sitazirudia hapa, si za mtoto. Jua lilikuwa linawaka, na msichana alikuwa amelivaa sweta, mikono ameikunja kifuani kama mwenye baridi, haikunjui hata kumpokea mama yake mzigo. Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, sisi tunashona orodha, hatushoni huruma. Nenda kazungumze na shule." Wakaondoka. Hawajafika hata getini, karakana nzima ilikuwa imeangua kicheko, na aliyeshika mbavu kuliko wote alikuwa ni yeye Sindano. Mkuki kwa nguruwe. Kwa binadamu ndipo ameuona uchungu wake.

*

Mama mkwe hakujua kusoma. Ilibidi aelezwe.

"Zikikaa pamoja, mama, zinasomeka nzi."

"Nzi gani?"

"Nzi huyuhuyu. Nzi wa jalalani."

Mama mkwe alikitazama kile kitambaa, akakigeuza juu chini, akapitisha kidole juu ya uzi. "Mbona ni michoro tu," alisema. "Mimi nimezaliwa nikaitwa, nimeolewa nikaitwa, hakuna siku mtu kaniita kwa herufi. Mtoto anaitwa jina lake."

"Wewe hukwenda shule, mama."

Neno likatoka na kuwatumbukia katikati. Mama mkwe aliendelea kukitazama kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kweli," alisema. "Sikwenda."

"Nisamehe, mama. Sikukusudia hivyo."

"Umesema kweli, msamaha wa nini? Nieleze basi. Hao watoto watamfanya nini?"

Sindano akamweleza. Alimweleza yale ambayo yeye na wenzake hawakuwahi kuyaona ila walikuwa wakiyawaza na kuyacheka: kupungwa, kufunikiwa sahani, ile sauti ya "zzz" nyuma ya mgongo mwalimu akigeukia ubao. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoona kuwa alikuwa anayajua mengi mno, na aibu ikampanda.

"Wazee walisema jina jema hung'aa gizani," mama mkwe alijaribu.

"Watoto hawachezi gizani, mama. Wanacheza juani."

Mama mkwe akaguna. Mtoto alikuwa amelala juu ya mapaja yake, ngumi mbili juu kama aliyesalimu amri. "Likiondoka la babu, zinabaki ngapi?"

"Mbili. Mbili hazisomeki kitu."

Yule bibi akainua macho ukutani. Mwenye jina hilo alikuwa mume wake, aliishi naye miaka thelathini na moja, na picha yake ilikuwa ukutani juu ya vichwa vyao, amevaa koti aliloazima kwa mpiga picha. "Muulize mwenye baba," alisema mwishowe. "Hilo si langu kuliondoa."

*

Mume wa Sindano alikuwa mpishi katika kambi ya wajenzi wa barabara, mbali sana, mahali ambapo simu zilishika juu ya rundo moja tu la kokoto. Wenyewe wamelipa jina, Kilima cha Haloo. Kila Jumapili saa saba mchana wanaume walipanga foleni chini yake, mmoja mmoja akapanda kusalimu nyumbani.

"Haloo! Unanisikia? Sema upesi, nyuma yangu wako kumi."

Sindano alikuwa amejipanga wiki nzima. Alikuwa na maneno yake ya kuanzia, ya katikati na ya kumalizia. Lakini neno "upesi" liliyavuruga yote, akajikuta ameanzia mwisho. Alisema kuhusu herufi kwanza, kabla ya kusema mama amekubali nini na kwa nini.

Mume akacheka. "Eti nini? Nzi?" Akageuza kichwa, sauti ikawa ya mbali, si ya kwake tena. "Jamani, mtoto wangu ataitwa Nzi!" Na kicheko cha wanaume asiowajua, wanaume kumi waliokuwa juani chini ya rundo la kokoto, kikamjia Sindano sikioni moja kwa moja. Akasogeza simu kidogo.

"Basi mwite jina lingine, shida iko wapi?" mume akarudi. "Majina yamejaa tele. Mke wa injinia wetu ana jina zuri sana, tena mama mkarimu..."

"Ni jina la mama yangu."

"Najua, mke wangu. Lakini mama kapumzika, hatajua. Si ndiyo?"

Sindano akahamishia simu sikio la pili. "Na tukiacha la babu? Tukaandika mawili?"

Upepo ukapuliza kwenye simu. "Baba yangu amekosa nini?"

"Hajakosa kitu."

"Basi mwacheni alipo. Mtoto yuko wapi, nimsikie sauti?"

"Amelala."

"Mwamshe kidogo basi... Ah, wananivuta shati huku. Jumapili ijayo. Msalimie mama."

Hakuwa mtu mbaya, mume yule. Alituma kila alichopata, na picha ya mtoto aliibandika ndani ya mfuniko wa sanduku lake la visu, akaionyesha hata kwa wasiomuuliza. Alikuwa mbali tu, na aliye mbali huona kila kitu kidogo. Sindano aliishika ile simu iliyokufa, moto bado kutokana na sikio lake, akajiona hana mtu. Hana hata wa kugombana naye vizuri.

"Kasemaje?" mama mkwe aliuliza kutoka jikoni.

"Kasema tuchague sisi, ila la babu libaki."

"Asiyekuwapo na lake halipo. Tutachagua."

*

Karani wa vizazi alikuja kliniki Alhamisi ya mwisho ya kila mwezi, na mtoto aliyepita miezi mitatu bila kuandikwa, habari yake ilihamia makao makuu, ambako ni njoo kesho mpaka unazeeka. Kichanga alikuwa amebakiza siku sita tu. Walikwenda wote watatu mapema, wakakuta benchi limeshajaa. Kila mara muuguzi alipotoka kuwapima watoto uzito aliwaita kwa majina, majina mazuri, marefu, na alipofika kwao alisema, "Na huyo asiye na jina." Watu wakageuka kuwatazama. Sindano akajifanya anafunga kamba ya kofia ya mtoto, ilhali kofia haikuwa na kamba.

"Nimefikiri siku nne," mama mkwe alimnong'oneza. "Mtoto akitaniwa atarudi nyumbani analia, tutamfuta machozi, atalala. Mama yako akisahaulika, atarudi wapi? Mpe. Mpe tu, mwanangu. Mimi nitakuwa upande wako."

Sindano akaitikia kwa kichwa. Alifarijika hata akahisi njaa, njaa ya kweli, ya kwanza wiki ile. Waliingia kwa karani, Sindano akiwa na jina la mama yake mdomoni, tayari.

Karani alikuwa na kalamu tatu mfukoni na mafua mazito. Hakuwatazama. "Jina la baba?" Akaandika. "La babu?" Akaandika. "La mtoto?"

Sindano alifungua mdomo, jina lisitoke. Karani akapenga kamasi, akakunja leso, akangoja.

"Mama, miezi mitatu. Mlikuwa mnangoja lishuke na mvua?"

Mtu mmoja mlangoni akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi tu, kisicho na ubaya, cha mtu aliyechoka kusimama kwenye foleni. Lakini Sindano alikijua kicheko kile. Kilikuwa chake mwenyewe. Akajisikia yuko tena karakanani, kitambaa gotini, meno nje.

"Na fikiria vizuri," karani akaongeza. "Likishaingia kitabuni humu halitoki. Maji yakimwagika hayazoleki."

Ndipo Sindano akataja jina la mama mkwe wake. Alilitaja wazi, herufi zote, jina ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya mwenyewe tangu aolewe.

"Hapana!" Mama mkwe aliruka na mtoto begani. "Karani, subiri, amekosea huyo. Sema lile jingine, we mtoto! Lile jingine!"

Karani akainua macho kwa mara ya kwanza. "Mama wa mtoto ni nani hapa?"

"Mimi," alisema Sindano.

"Basi nimeshaandika."

Nje, penye ukuta uliochorwa mama anayenyonyesha, mama mkwe alisimama akakataa kwenda mbele wala nyuma. Alikuwa na hasira ambayo Sindano hakuwahi kuiona, hasira ya mtu aliyevuliwa nguo hadharani. "Umenifanya nini? Watasema nimekunyang'anya. Watasema bibi mzima kashindwa kumwachia marehemu jina moja!"

"Watasema kina nani, mama? Tuna watu gani sisi?"

"Nilikupa. Kwa moyo wangu wote nilikupa!"

"Nilicheka," alisema Sindano.

"Ulicheka nini?"

"Kazini. Walipozisoma zile herufi wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nilijua ni mwanangu, mama, na nikacheka ili wasijue ni wangu. Nikasema nimekiokota." Sasa alikuwa analia, na wanawake waliokuwa wanapita na watoto mgongoni walipunguza mwendo. "Kama mimi niliyemzaa nimemcheka, wasiomzaa watamfanyaje?"

Mama mkwe alimfunga mtoto vizuri, akamgeuza uso jua lisimpate, akatembea. Walikuwa wamefika karibu nusu ya njia aliposema, bila kugeuka, "Basi nyumbani ataitwa la mama yako. Mimi ndiye ninayeshinda naye. Nitamwita hilo kutwa, mpaka majirani walichoke."

*

Na alilitimiza, tena kwa bidii. Kila jioni Sindano alipokunja kona ya nyumba yao alilisikia kabla hajaona mlango: jina la mama yake, likiitwa kwa sauti ya juu kutoka dirishani, kama mtu anayetangaza bidhaa. Alipunguza mwendo alisikie tena. Mara nyingine alipita mlango kwa makusudi, akaenda hadi dukani na kurudi bila kununua kitu, ili alisikie mara ya pili. Kulikuwa na mtu ulimwenguni anayeitwa hivyo, na mtu huyo alikuwa ananyonya, anatambaa, anaota jino. Sindano alinenepa kidogo. Redio akasema itabidi wambadilishie jina.

Mtoto alikuwa na miezi saba siku umeme ulipokatika karakanani saa sita mchana. Walingoja saa nzima, cherehani zimenyamaza, hata feni ya msimamizi imenyamaza, mwishowe wakaambiwa waende makwao. Sindano hakukumbuka lini mara ya mwisho alipita mtaani kwao jua likiwa juu namna ile. Hakuna aliyemsalimia, waliomjua walikuwa makazini. Mlango wa kwao ulikuwa umerudishwa tu. Akanyoosha mkono, kisha akasikia.

"Nani huyu kaota jino? Nani?" Ilikuwa sauti ya mama mkwe, ila imepungua miaka. Na akajijibu mwenyewe kwa jina. Halikuwa la marehemu. Lilikuwa lile la kitabuni, lake mwenyewe.

Mtoto alicheka kwa ndani, kile kicheko cha tumboni. Yule bibi akaliita tena. Aliliita kwa kulivuta, kama mama anavyomwita bintiye aliye mbali na nyumba. Akaliita kwa ukali wa uongo, kama dada mkubwa. Akaliita kwa kunong'ona, kama shoga mwenye siri, na hapo wakacheka wote wawili, yeye na mtoto, mpaka kikohozi kikamshika.

Sindano alisimama mkono bado hewani. Aliumia, na aliona wivu; tusimsingizie utakatifu. Lakini alipoendelea kusikiliza alielewa anachokisikia. Kwake yule bibi alikuwa mama. Kwa mwanawe alikuwa mama. Kwa majirani alikuwa mama wa mpishi, kwa muuguzi alikuwa bibi, kwa karani alikuwa kelele tu pembeni ya meza. Waliomwita kwa jina lake walikuwa wazazi, ndugu na marafiki wa usichana, na wote walikuwa wamezikwa. Hakuna aliyekuwa amelitumia jina lile kwa miaka, hata mwenyewe. Sasa lilikuwa na mtu wa kuitwa, basi alikuwa analiita mchana, akiwa peke yake, na saa za kurudi mkwe zikikaribia analificha.

Sindano akarudi nyuma hatua sita kimyakimya. Kisha akaja tena akiburuza viatu, akapiga teke ndoo tupu ya jirani, akaita kwa nguvu, "Hodi!"

Ndani kukawa kimya. Halafu dirishani likatoka jina la mama yake, kwa sauti ya juu, mara tatu.

Aliingia. Mama mkwe alikuwa amekaa mkekani, kilemba kimelegea, na mtoto mbele yake amewapa mgongo wote wawili, ameshikilia kijiko anakigonga sakafuni.

"Umewahi leo! Mwone mama yako huyo," mama mkwe alimwambia mtoto, akaliita tena jina la marehemu. Mtoto akagonga kijiko. Akaliita tena, karibu zaidi, akimgusa bega. Mtoto akakichunguza kijiko upande wa pili.

Sindano akapiga magoti. Aliliita yeye mwenyewe, jina la mama yake, kwa upole wote alionao. Mtoto hakugeuka. Aliliita mara ya pili, na halikumhusu mtu yeyote mle chumbani.

"Leo ana usingizi," mama mkwe alisema upesi. Mikono yake ilikuwa inatafuta kitu cha kushika. "Hakulala kabisa mchana, ndiyo maana. Kwa kawaida akisikia tu anaruka, kweli tena, muulize hata..."

"Najua, mama."

Sindano akavuta pumzi. Akaliita lile jingine.

Mtoto aligeuka mwili mzima, kijiko kikaruka, uso umefunguka mpaka jino lile moja likaonekana. Na nyuma yake, kabla hajajizuia, bibi akaitika, "Abee."

Sindano hakumtazama, asije akamuaibisha. Alimwinua mtoto, akamweka begani, akaliita tena jina lile, polepole, na safari hii alingoja kidogo ili wote wawili wapate nafasi ya kuitika. Jina la mama yake hakulitamka tena siku hiyo, wala kesho yake.